Kahawa ya Wenyeviti

Izimbya, Bukoba Vijijini
15 Juni 2025

Mwanangu Philbert,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo unalijua. Nimeamua kukuandikia kwa sababu ukipiga simu kutoka juu ya lile jiwe lenu la kisiwani, upepo unaongea kuliko wewe. Simu ikikatika nabaki nimesema "haya, haya" na sijasema hata moja nililokusudia. Marehemu baba yako alikuwa akisema simu ni ya kuitana, barua ni ya kuzungumza. Basi tuzungumze.

Hii nampa Serafina wa dagaa. Anapanda boti Kemondo na ameahidi kukukabidhi mkononi. Amenitania, "Mama Kahigi, siku hizi barua ni ya mahakama au ya mapenzi. Hii ni ipi?" Nikamwambia ni ya mama.

Migomba ya upande wa kaburi la baba yako imezaa vizuri kuliko yote kibanjani. Siwezi kuikata mikungu yake. Nakata ya upande wa barabara kwanza. Jirani yetu Kokubanza ananisema, "Unamwachia Datius ndizi za nini, anazipika?" Tulicheka wote wawili.

Jumapili timu ya baba yako, Nyota, ilicheza hapa. Nilikaa kwenye gogo letu, nikamwachia nafasi yake. Tulifungwa. Golini yuko mtoto wa Rwegasira, fundi baiskeli. Ni mtoto mzuri, anasali, ila mpira wa juu anausindikiza kwa macho. Watu wakasema kwa sauti ili nisikie, "Angekuwepo Kahigi!" Nikawajibu, Kahigi yupo, yuko ziwani anaanika dagaa.

Mkataba wako na klabu ya Chui ya mjini ulikwisha zamani. Nilidhani baada ya msiba mambo yatalegea, mzee Mwijage, mwenyekiti wao, akuandikie barua ya kukuachia, urudi udake kwenu. Chumba chako nimekipaka chokaa. Usiku mwingine nasahau, naacha mlango wa uani bila komeo, kama zamani ulipokuwa unachelewa mazoezini.

Utakuja lini?

Mama yako,
Ephrasia

*

Kisiwani, Muleba
29 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Barua imefika, ina harufu ya dagaa lakini imefika. Naisoma nikiwa nimekaa kwenye ndoo, nyuma ya kibanda cha Shilogile. Huyu ndiye tajiri wangu, Msukuma mwenye mitumbwi na maneno mengi. Ananiita Golikipa. Jana nimedaka kikapu kilichokuwa kinaanguka kutoka mtumbwini, akapiga makofi, akasema, "Huyu Mhaya mikono yake inaozea hapa bure."

Mama, uliuliza lini. Acha nikueleze jambo lote, ili usifikiri nakaa huku kwa kupenda.

Mkataba wangu na Chui uliisha Desemba mwaka juzi. Mwijage hakunipa mwingine. Hanipangi na hanilipi, lakini barua ya kuniachia hatoi. Na klabu zote za Ligi ya Kahawa hazimpokei mchezaji asiye na barua hiyo. Nilikwenda Kemondo, kocha akanijaribu, akafurahi, kesho yake akaniambia hawezi. Muleba hivyo hivyo. Hata klabu za mikoa mingine zinauliza barua kwanza. Kwa hiyo mimi si wa Chui, na si wa mtu mwingine yeyote.

Nimempata wakili, dada mmoja wa Bukoba anaitwa Jovina Lwakatare. Anasema jambo hili linagusa sheria ya ushindani, ile inayokataza wafanyabiashara kula njama. Nilicheka mwanzoni. Nilijua sheria hiyo ni ya saruji na sukari. Akasema hata mpira ukishalipa mishahara ni biashara. Malalamiko yamefika tume ya ushindani, na maofisa watakuja Bukoba kusikiliza pande zote.

Wenyeviti wanasema hawajawahi kukubaliana lolote. Eti kila klabu imeamua yenyewe, imetokea tu zikafanana. Jovina anatafuta mtu anayejua kama waliwahi kukaa na kupatana. Marehemu Tata alikuwa mwenyekiti wa Nyota tangu ligi inaanza. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwapikia wakija nyumbani. Hukusikia kitu?

Najua Tata asingekuwa miongoni mwao. Lakini kuna kitu sijawahi kukwambia. Ile Januari kabla hajafa, nilipokuja na viatu begani, nilimwomba anichukue Nyota. Bure, mama, bila mshahara. Alikuwa amelala pale sebuleni. Hakuniangalia. Alisema, "Rudi kwa Mwijage akuandikie barua," akageukia ukutani. Mpaka leo nikilala naona ule mgongo. Nadhani aliona kiwango changu si cha Nyota. Angesema tu.

Nisalimie Kokubanza na goti.

Mwanao,
Philbert

*

Izimbya
13 Julai 2025

Mwanangu Philbert,

Marahaba. Nimefurahi kusikia una ndoo ya kukalia.

Huku ni jua. Maharage yamevunwa, nimekuwekea ya njano ile unayopenda. Yule ng'ombe wa Kokubanza aliingia kibanjani akala mche wa mgomba alioupanda baba yako mwaka wa mwisho. Kokubanza akaja kuomba radhi na pombe ya rubisi kwenye kibuyu. Nikamwambia sinywi. Akasema, "Najua, nitakunywa mimi, wewe utasamehe."

Hayo ya wenyeviti ni mambo ya wanaume. Mimi nilikuwa jikoni. Mwenye kupika anasikia sufuria.

Ila usiseme baba yako aliona kiwango chako ni kidogo. Usiseme hivyo tena. Unakumbuka alivyokuwa akikurushia parachichi bichi pale uani, na ukiliangusha unakosa chai? Mtu hamrushii parachichi mtoto asiyemtazamia kitu. Na mgongo wa mgonjwa, mwanangu, si maneno.

Kula vizuri. Jifunike, upepo wa ziwa mbaya.

Mama yako,
Ephrasia

*

Bukoba
4 Agosti 2025

Mama Ephrasia,

Shikamoo, waitu, kwa heshima zote. Naitwa Jovina Lwakatare, wakili wa Philbert. Nimeomba ruhusa yake kukuandikia. Anasema wewe barua unazisoma mara mbili, kwa hiyo nitajaribu kuandika vizuri.

Nataka uelewe tunachokidai na tusichokidai, maana mjini wameanza kusema tunataka kuua ligi.

Klabu si kama maduka, mama. Mwenye duka akiona duka la jirani limefungwa, anafurahi. Klabu ikikosa wapinzani haina mechi. Kwa hiyo si kosa klabu kukaa pamoja kupanga tarehe, waamuzi na kanuni za uwanjani. Bila kupatana hivyo hakuna ligi. Na mchezaji akiwa ndani ya mkataba, ni haki klabu nyingine kumwacha mpaka amalize.

Lakini mchezaji aliyemaliza mkataba ni kama wewe na kahawa yako uani. Fikiri wanunuzi wote wa kahawa wa Izimbya wakae chini, wapatane kwamba kahawa ya Ephrasia ni ya mnunuzi mmoja tu, na wengine wasiiguse. Halafu yule mmoja hainunui. Kahawa inaliwa na wadudu, na wewe unaambiwa uko huru kuuza. Hapo ndipo tunasema ushindani umeuawa, na aliyeumia ni mwenye jasho.

Upande wa pili wana wakili mzuri kutoka Mwanza. Atasema hili ni suala la ajira, haliihusu sheria hii. Hapo tutabishana, na sikufichi kwamba siwezi kukuahidi ushindi. Atasema pia kwamba bila utaratibu huo klabu kubwa zitazinyonya klabu ndogo. Hoja hiyo ina uzito, na maofisa wataisikiliza. Lakini kwanza kabisa atasema hakuna makubaliano. Tukishindwa hapo, hatufiki hata kwenye hayo mengine.

Sheria haisemi makubaliano lazima yawe kwenye karatasi. Yanaweza kuwa ya mdomo. Lazima tu awepo mtu wa kusema: niliwaona wakipatana.

Sikulazimishi. Philbert ananiambia ulikuwa jikoni. Nami nimelelewa na mama wa Kihaya, najua jiko letu liko wapi, sebule iko wapi, na sauti inafika wapi. Ukiwa na neno, nitakuja kulichukua mwenyewe.

Wako mtiifu,
Jovina

*

Kisiwani, Muleba
17 Agosti 2025

Dada Jovina,

Nimepokea ujumbe wako. Nashukuru kwa kumwandikia mama kwa upole.

Nakuomba jambo moja. Ile klabu ya Mtwara iliyoniona kwenye bonanza la Mwanza bado inanitaka. Wamesema dirisha la usajili likifunguliwa wanisajili, mradi hakuna wa kunidai barua. Mama hajui. Anadhani nikishinda narudi Izimbya kudakia Nyota. Amekipaka chokaa chumba changu.

Usimwambie kwanza. Nitamwambia mwenyewe nikipata namna. Kila nikianza kuandika naishia kumsalimia jirani.

Philbert

*

Bukoba
7 Septemba 2025

Shemeji yangu Ephrasia,

Nakusalimu kwa heshima ya marehemu ndugu yangu Datius. Mkono wangu unatetemeka siku hizi, kwa hiyo usichoke kusoma.

Nimesikia yule binti wakili amekuandikia. Sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Nakukumbusha tu. Unakumbuka mwaka ule basi dogo lilipokuja kutoka nje ya mkoa, likabeba vijana wa Nyota, wa Kemondo na wangu kwenda kuchezea timu za huko, wote ndani ya juma moja, ligi ikafa katikati ya msimu? Datius alilia. Mimi nilimwona. Tulichofanya baada ya hapo tulikifanya kwa kuzilinda timu za watoto wetu. Ukienda kukisema mbele ya maofisa, hakitaitwa ulinzi. Kitaitwa njama. Na jina la kwanza litakalotajwa si langu. Ni la mwenye nyumba.

Watu wa Izimbya wamemzika kama mtu mwema. Waache wamkumbuke hivyo.

Kuhusu Philbert, najua unaniona mwizi. Yule ni kipa bora niliyepata kumwona mkoa huu. Nilimpa mkataba mwingine? Sikumpa, klabu haina kitu. Lakini nikimwachia aende Kemondo, kila Jumapili ya mechi nitakuwa namtazama akinizuia. Ni ubinafsi, nakiri. Mwenyekiti gani hana?

Na jambo la mwisho, shemeji, ambalo sidhani umeambiwa. Nimepigiwa simu na watu wa klabu moja ya Mtwara wakiulizia barua ya mwanao. Wamekwisha kuelewana naye. Mtwara, Ephrasia. Ukitoka kwako kwenda huko, nchi yote unaivuka. Mimi ninavyomzuia, angalau yuko ziwani, na siku ya Krismasi unamwona. Fikiri vizuri ni mlango gani unataka kuufungua.

Ndugu yenu wa kahawa,
Mwijage

*

Izimbya
14 Septemba 2025

Mwanangu Philbert,

Leo baada ya misa nilikwenda kukaa kaburini na mkeka. Nilimweleza baba yako kwamba nitasema. Nilingoja kama nitajisikia vibaya. Nilisikia tu migomba. Basi nakwambia wewe kwanza, kabla ya maofisa.

Nilikudanganya kuhusu sufuria. Nilisikia, na niliona pia.

Ni mwaka ule vijana walipobebwa na basi. Wenyeviti wa klabu zote walikuja hapa mchana mmoja wa Jumapili. Waliketi sebuleni, baba yako akaniita, "Mama Kahigi, tuletee kahawa." Nikapeleka kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama tunavyompa mgeni. Akasema, "Siyo hii. Lete ambayo haijapasuliwa." Nilielewa. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha sufuria mkononi.

Wewe umekulia mpirani, huenda mambo ya omukago hukufundishwa vizuri. Ndani ya ganda moja la kahawa mna punje mbili zimelaliana kama mapacha. Watu wakitaka kuwa ndugu wanapasua ganda, huyu anamlisha mwenzake punje moja, na huyu anamlisha huyu. Wazee wa zamani waliweka na damu. Hawa waliacha damu kwa sababu ya Ukristo. Lakini maneno walisema. Baba yako ndiye aliyeyasema: "Mtoto wa mwenzangu simchukui mpaka mwenzangu amwachie kwa mkono wake." Wakalishana, wakizunguka chumba. Yeye na Mwijage walimalizia. Anayevunja, kahawa inamvimba tumboni. Hata padri akikataa, watu wanajua.

Mwanzo neno hilo lilikuwa ua la kuzuia mbuzi wa nje. Hawakuona siku lilipogeuka kuwa la kuwafungia watoto wao. Baba yako aliliona, lakini aliliona ukiwa umesimama mbele yake na viatu begani.

Sikiliza sasa, hili ndilo nililotaka kuandika tangu Julai nikashindwa. Ulipotoka siku ile, aliniita. Uso bado ulikuwa ukutani. Alisema, "Amekwenda?" Nikasema amekwenda. Akasema, "Ephrasia, nimemrudisha mtoto wangu. Nimekula kahawa ya watu." Hakugeuka kwa sababu alikuwa analia, na wewe hukuwahi kumwona akilia, hakutaka uanze siku ile.

Kuanzia hapo mikono ilikuwa inampoa. Akaomba zile glavu zako za zamani, za bluu, zilizokuwa msumarini. Alilala amezivaa. Wageni wakiuliza, anasema ni baridi. Jumapili nikimtoa nje, tunasikia kelele za uwanjani, akisikia watu wanaguna anajua tumefungwa. Anainua mkono ndani ya glavu, anasema, "Hilo Kahigi angelidaka." Kila bao, hata yale ambayo hakuna ambaye angeyadaka.

Alikutaka, mwanangu. Alikutaka kuliko pumzi. Neno lake ndilo lililomshika.

Mwambie Jovina aje anichukue. Nitakwenda Bukoba. Watamtaja baba yako kwa ubaya, nami nitakuwepo kusema na uzuri wake.

Mama yako,
Ephrasia

*

Bukoba
19 Oktoba 2025

Mama yangu,

Nilikusindikiza stendi juma lililopita, na sikuweza kusema hata neno moja la maana. Nilikununulia maji na biskuti kama mgeni. Basi nasema hapa, nikiwa bado nyumbani kwa Jovina.

Nadhani hukuona ulivyokuwa, kwa hiyo acha nikueleze. Yule wakili wa Mwanza alipokuuliza, "Mama, uliuona mkataba?" ukamjibu, "Sikuona mkataba, niliona midomo ikitafuna," ukumbi ulicheka, nami niliogopa. Halafu akatabasamu, akasema, "Lakini mama, Kagera yote inatafuna kahawa. Hata mimi nilipofika nimepewa. Huo si ukarimu tu?" Nikasema moyoni, tumekwisha.

Ukamwambia taratibu, kama unamfundisha mtoto kumenya ndizi: "Kahawa ya mgeni kila mtu anatafuna ya kwake, mwanangu. Wewe ulipopewa, kuna mtu alikulisha nusu, ukamlisha nusu?" Akasema hapana. Ukasema, "Basi wewe ulikaribishwa. Wale waliapa." Na hukumgeukia tena. Ulimgeukia mzee Mwijage. "Shemeji, mimi ni mwanamke wa jikoni. Kama nimeota, sema hukula."

Wakili wake alimwinamia akimnong'oneza. Mzee akavua kofia yake, akaiweka magotini. Akasema, "Nilikula." Wakili akasimama, "Mteja wangu ana maana kwamba..." Mzee akamkata, "Kaa, kijana. Karatasi ningeweza kuikana. Datius alinilisha kwa mkono wake. Nilikula, na wote walikula."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Maofisa bado hawajaandika uamuzi wao, lakini klabu zenyewe zimekaa na kutia saini kwamba utaratibu ule umekwisha. Mkataba ukiisha, mtu ni huru, wala haulizwi barua. Jovina anasema kwa njia hii hatutajua kamwe kama sheria ingetukubali mpaka mwisho. Anaonekana kusikitika kidogo. Mimi sisikitiki.

Ule mgongo wa Tata sijauona tena. Nikilala sasa naona glavu za bluu. Sijui nikushukuruje.

Na sasa jambo ambalo nimelikimbia tangu Juni. Mama, siji Izimbya. Kuna klabu ya Mtwara. Wananitaka golini, watanilipa, na nimewapa neno langu kabla hujasema chochote. Niliacha uje Bukoba ukidhani unanirudisha nyumbani. Ungejua, labda usingekuja. Nimeandika sentensi hii mara nyingi nikachana. Ukisema nisiende, sitakwenda.

Mwanao,
Philbert

*

Izimbya
23 Novemba 2025

Mwanangu Philbert,

Usinikasirikie kwa kuchelewa kujibu. Senene wameanguka mwaka huu kama mvua, na kila mtu alikuwa nje na ndoo. Kokubanza aliteleza akawakalia wa kwake. Nimekuandalia mfuko wa waliokaangwa vizuri, bila mabawa, kama baba yako alivyopenda. Serafina atakuletea Bukoba kabla hujaondoka. Sijui kama Mtwara wanawajua senene. Wakikucheka, wape mmoja.

Nilijua.

Nilijua kabla sijapanda gari la Jovina. Mwijage aliniandikia Septemba akaniambia kuhusu Mtwara, akiniuliza ni mlango gani nataka kuufungua. Nilikaa na barua yake juma zima. Sitakudanganya tena kuhusu sufuria: siku ya kwanza nilisema sitakwenda. Nilisema, na akae ziwani, Krismasi nitamwona. Nikakiona chumba chako cheupe nikafurahi. Halafu nikawaza, hivyo ndivyo alivyosema Mwijage. Neno lile lile. Anakupenda, kwa hiyo anakushika. Na baba yako alikupenda, kwa hiyo akakurudisha. Nikasema basi mmoja wetu akupende namna nyingine. Nilikwenda hivyo hivyo, na hukunidanganya lolote.

Nenda. Hakuna anayekushika.

Huku mambo yamechanganyika. Baba yako hakuwa mjinga, na ukisikia mtu anamsema, mjibu. Vijana wawili wa Nyota wamekwisha kuchukuliwa na Chui, na yule winga mdogo mwenye mbio anazungumza na watu wa Mwanza. Kocha analalamika. Lakini golini tumepata kipa kutoka Kemondo, amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Mpira wa juu anaufuata kwa mikono. Nimeambiwa mama yake huko Kemondo halali. Nitamtafuta nikienda sokoni, tukae wawili.

Mzee Mwijage alikuja Jumapili iliyopita. Alifika kaburini, akasimama sana, akaacha punje chache za kahawa kwenye sementi. Kuku wamekula. Baadaye alinifuata uwanjani akataka kukaa kwenye gogo. Nikamwambia, "Hapo pana mtu, shemeji. Kaa upande huu." Akakaa upande huu. Kipa mpya alipodaka, kila mmoja wetu alimwona wake.

Glavu za bluu uliziomba kwa simu nikakwambia sikusikii kwa sababu ya upepo. Nilisikia. Sizitumi. Sijazifua tangu alipozivua. Watakupa mpya huko, na hizo ni zangu sasa.

Komeo la mlango wa uani nimelifunga jana, kwa sababu ya mbwa wa jirani. Ukija, gonga tu. Nitasikia.

Jumapili za mechi, kabla mwamuzi hajapuliza, ukishagusa miamba ya goli kama ulivyozoea, nikumbuke kidogo. Hata kwa pumzi moja. Nitakuwa kwenye gogo.

Mama yako,
Ephrasia